Kwa nini kompyuta huzima diski inapolemewa na kazi

Kompyuta hufanya kazi siku nzima bila tatizo: barua husomwa, kurasa za intaneti hufunguka. Lakini mwenyewe anapoanza kunakili maelfu ya picha kwa pamoja, mashine huganda, au huonyesha skrini ya buluu na kujiwasha upya.

Wengi hulaumu virusi, kisha hufuta mfumo endeshi na kuuweka upya. Mara nyingi tatizo hurudi, kwa kuwa chanzo chake kimo ndani ya vifaa.

Diski haifanyi kazi peke yake. Data hutoka kwenye diski, hupita kwenye waya na chipu za bodi kuu, kisha huwekwa kwa muda katika kumbukumbu, yaani RAM. Kadiri faili zinavyokuwa nyingi, ndivyo sehemu kubwa ya RAM inavyotumika, na kasoro iliyojificha hujitokeza. Wakati huohuo joto hupanda na umeme unaohitajika huongezeka.

Okoa kwanza, pima baadaye

Kosa kubwa ni kuanza na vipimo. Programu kama chkdsk, ikiamriwa kutafuta sehemu mbovu, husoma diski nzima, na diski iliyo mahututi huweza kufa katikati ya kipimo. Kwa aliye mbali na kwao, huenda humo ndimo ilimo picha pekee ya mzazi aliyefariki. Nakili kwanza vitu visivyo na nakala nyingine, kidogo kidogo, kwenye diski tofauti.

Kusoma dalili

Katika Windows, alama 0x0000007A kwenye skrini ya buluu humaanisha kuwa mfumo umeshindwa kurejesha kwenye RAM data iliyokuwa imewekwa katika diski. Katika Linux, amri ya dmesg huonyesha makosa ya diski yaliyotokea tangu mashine iwashwe.

Diski nyingi pia hujiwekea kumbukumbu za afya yake, ziitwazo SMART, ambazo husomwa kwa programu ya smartctl. Kwenye diski nyingi za SATA, namba 5 na 197 zikipanda, diski yenyewe inachakaa. Namba 199 ikipanda, data inaharibika njiani, na mshukiwa wa kwanza ni waya. Hesabu hiyo hairudi sifuri. Lililo muhimu ni kama inaendelea kupanda baada ya waya kubadilishwa.

Diski ikiwa salama, pima RAM kwa Memtest86 usiku kucha. Kosa hata moja lisipuuzwe. Kisha kagua feni, vumbi na kifaa cha kugawa umeme.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, halafu rudia kazi ileile iliyoizima mashine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Wakati mwingine kosa ni la kiwandani. Tarehe 31 Januari 2011, kampuni ya Intel ilitangaza kuwa chipu zake mpya zilikuwa na kasoro iliyoweza kudhoofisha baadhi ya njia za SATA kadiri muda ulivyopita. Ilikadiria gharama ya kutengeneza na kubadilisha kuwa dola milioni 700. Njia mbili za kwanza, 0 na 1, hazikuathirika. Aliyehamishia diski yake huko aliepuka kasoro hiyo.