Je, Wajua? Ukoko, Jivu na Mashine ya Kuoshea Vyombo

Je, wajua kwamba mashine ya kuoshea vyombo iliyovuma kwanza sokoni ilibuniwa na mwanamke? Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, alipata hataza yake tarehe 28 Desemba 1886, akaionyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Hoteli na mikahawa ndizo zilizoichangamkia.

Je, wajua kwamba sufuria ya ugali ya Kitale, Kenya, haifai kuingia humo? Nyingi ni za alumini, na sabuni ya mashine ina alkali kali inayoiacha alumini ikiwa nyeusi na imefubaa. Mwiko nao hunywa maji, huvimba, kisha hupasuka. Kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, hata usikijaribu.

Ukoko wa ugali ulowekwe kwa maji baridi. Maji moto huufanya wanga unate kama gundi, ukaishia kwenye sponji. Chombo cha maziwa au mayai vilevile huanza na baridi, kwa sababu moto hugandisha protini. Mafuta ndiyo yanayotaka moto.

Je, wajua kwamba kusuuza sahani vizuri kabla ya kuzitia mashineni ni kupoteza maji? Kwangua mabaki tu. Mashine nyingi za kisasa hupima uchafu wa maji. Zikiyaona safi, huosha kijuujuu. Sabuni yake ina vimeng'enya vya kuvunja wanga na protini, basi viachie kazi.

Kupanga ndiko kwenye ufundi wote. Uso mchafu uelekee kwenye mkono unaorusha maji, sahani zisilaliane, vikombe vifudikizwe, plastiki ikae juu mbali na kipasha joto. Vijiko vikikumbatiana, vitatoka na uji katikati. Kisha zungusha ule mkono kwa kidole: ukigonga mpini wa kijiko, maji hayatafika nusu ya vyombo.

Je, wajua kwamba jivu la kuni, ambalo mama wengi wa Bungoma husugulia sufuria, lina alkali inayogeuza mafuta kuwa sabuni? Ni alkali hiyohiyo inayochujwa kwenye jivu la maganda ya maharagwe kupata munyu wa kulainisha mboga za kienyeji. Na ukipaka tope jembamba la jivu nje ya sufuria kabla ya kuibandika kwenye mafiga, masizi hushika jivu, na kusugua kunakuwa rahisi mno. Naiheshimu sana mbinu hii: kazi ya kuosha imefanywa kabla ya kupika.

Je, wajua kwamba Kitale, takriban mita 1,900 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi? Bado yanatosha kuua vijidudu kwenye chupa ya mtoto.

Na kitambaa cha kupangusia vyombo? Kikiwa kibichi hubeba vijidudu kutoka sahani hadi sahani. Badala yake, kichanja cha miti uani, kilichoinuliwa kuku wasikifikie, huvikausha vyombo kwa jua na upepo, bila stima.