Panya Aliyefundishwa

Sisi wa Isaka twamjua panya kuwa mwizi wa mtama ghalani. Lakini huko Morogoro panya buku hufundishwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita. Akinusa baruti, hukwaruza ardhi. Na kwa kuwa ni mwepesi, bomu halilipuki.

Je, hufundishwaje? Wangali wadogo, macho yao yakiisha kufunguka, watu huwashika kwa upole. Huwachukua huku na huku wapate kusikia sauti nyingi, kukanyaga majani na udongo, na kunusa harufu mbalimbali. Hivyo huacha woga. Kisha hufundishwa miezi mingi, na wakifanya vema hupewa ndizi.

Mwaka 1947 mtaalamu wa Kanada, Donald Hebb, alieleza habari za panya aliowalea nyumbani mwake. Hao walijifunza upesi kuliko wenzao waliofungiwa tunduni, kwa kuwa walikwisha kuona mengi.

Panya mmoja wa Morogoro, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Alivumbua mabomu na baruti zaidi ya 100, watu wakapata kupita salama. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu. Akafa mwaka 2022.

Basi, ninyi mfugao mbwa, angalieni: mnyama afungwaye siku zote mahali patupu hupumbaa. Mpeni nafasi ya kucheza na kutazama, naye atajifunza. Na ikiwa panya afundishika hivi, mwanafunzi je?