Mashine ya Kuvuna ya Akina McCormick

Ndugu msomaji, wewe ni mkulima. Unajua kwamba ngano ikiiva haingoji. Ukichelewa kuvuna, punje hupukutika, ndege hula na mvua huharibu. Zamani ngano ilivunwa kwa mkono. Mtu aliweza kupanda shamba kubwa, lakini hakuweza kulivuna lote kwa wakati.

Huko Virginia, Marekani, alikuwako mkulima aitwaye Robert McCormick. Shambani kwake alikuwa na karakana ya uhunzi. Kwa miaka mingi alijaribu kuunda mashine ya kuvuna. Haikufaulu, akaiacha.

Mwanawe Cyrus alizaliwa mwaka 1809. Alijifunza ufundi katika karakana hiyo ya baba yake. Mwaka 1831 aliunda mashine yake mwenyewe, akaijaribu shambani. Jo Anderson, mtumwa wa familia ile, alimsaidia kuiunda.

Je, mashine hiyo ilifanyaje kazi? Ilivutwa na farasi. Gurudumu lake kubwa lilipozunguka, liliendesha kisu chenye meno, kikaenda huku na huku. Mbao zilizozunguka ziliinamisha mabua kuelekea kisu. Mabua yaliyokatwa yaliangukia juu ya ubao mpana. Mtu aliyefuata kando aliyavuta chini kwa reki.

Mwaka 1834 Cyrus alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa wanunuzi walikuwa wachache sana. Hakukata tamaa. Aliendelea kuirekebisha mashine. Mwaka 1847 alianzisha kiwanda mjini Chicago, karibu na mashamba mapya ya ngano. Wadogo zake wawili walijiunga naye. Leander alisimamia utengenezaji, na William alishika hesabu. Mkulima asiye na fedha za kutosha aliruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Biashara ikakua.

Lakini hati ya mwaka 1834 ilikuwa na jina la Cyrus peke yake. Jina la Jo Anderson halikuwamo. Baadaye Leander naye alidai kwamba mvumbuzi hasa alikuwa baba yao. Ndugu wakagombana.

Msomaji, kidole kimoja hakivunji chawa. Mkifanya kazi pamoja, kila aliyeshiriki atajwe na apate haki yake.

Maswali
1. Kwa nini mashine ya kuvuna ilihitajiwa?
2. Cyrus alijifunza ufundi wapi?
3. Katika kazi zenu za pamoja, ni nani husahauliwa?