Je, Wajua? Mchemraba Unaojumlisha Kabla Hujauliza

Je, wajua kwamba mchemraba wa takwimu si lazima uwe na mihimili mitatu? Meneja wa mauzo anataka kujua soda gani iliuzwa, wapi, na mwezi gani. Bidhaa, mahali na wakati ndiyo mihimili yake, na pale inapokutana ndipo panapokaa tarakimu ya mauzo. Akiongeza aina ya mteja, tayari ana mihimili minne. Umbo hilo hakuna seremala atakayelichonga, lakini kompyuta haina shida nalo.

Je, wajua kasi yake inatoka wapi? Kanzidata ya kawaida ikiulizwa mauzo ya mwaka mzima, huenda ikalazimika kupitia risiti zote upya. Mchemraba hufanya hesabu mapema, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala, kisha asubuhi hutoa tu jibu lililokwisha kuandaliwa. Gharama yake si ndogo. Kila mhimili ama utumike ama uachwe, kwa hiyo kila unaoongezwa huzidisha maradufu aina za jumla zinazowezekana: mihimili 3 ina aina 8, mihimili 10 ina 1,024, na mihimili 20 inapita milioni moja. Juu ya hayo, seli nyingi huwa tupu, maana si kila duka huuza kila bidhaa kila siku.

Mwaka 1996 Venky Harinarayan, Anand Rajaraman na Jeffrey Ullman wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha njia ya kubana matumizi. Usihifadhi kila kitu. Kila hatua chagua jumla itakayookoa kazi nyingi kuliko zote zilizobaki. Kwa ulafi huo wa hatua kwa hatua, walithibitisha, hutapata chini ya asilimia 63 ya faida ambayo uchaguzi bora kabisa ungekupa.

Je, wajua kwamba jina OLAP, linalotumika kwa kazi hii yote, liliingia mjini na kashfa? Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndiye aliyeweka msingi wa kanzidata za majedwali kwa makala yake ya mwaka 1970 akiwa IBM, na mwaka 1981 akapewa Tuzo ya Turing. Mwaka 1993 yeye na wenzake walitoa waraka uliotangaza OLAP pamoja na kanuni 12 za kuipima programu ya aina hiyo. Baadaye ikafahamika kwamba waraka ulidhaminiwa na Arbor Software, kampuni iliyokuwa ikiuza programu ya Essbase, ambayo kwa bahati njema ilifaulu vizuri mtihani huo. Gazeti la Computerworld, lililokuwa limechapisha makala ya Codd kuhusu jambo hilo, likaifuta. Leo kanuni zile 12 ni wachache wanaozikumbuka. Jina limeenea kote.

Je, wajua kwamba teknolojia ya michemraba ya Microsoft ilinunuliwa Israel? Ilitoka kampuni ya Panorama mwaka 1996, na mwaka 1998 ikauzwa ndani ya SQL Server 7.0.

Je, wajua kwamba kuna tarakimu zisizojumlishika? Ghala likiwa na magunia 100 mwisho wa Januari na 100 mwisho wa Februari, huna magunia 200. Wateja nao ni hivyo hivyo: aliyekuja miezi yote miwili ni mtu mmoja. Mjenzi asipoiambia programu hivyo, itajumlisha bila haya.

Wastani nao hudanganya. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea asilimia 44 ya wanaume walioomba masomo ya uzamili na asilimia 35 tu ya wanawake. Ilionekana upendeleo wa wazi. Takwimu zilipochambuliwa idara kwa idara, upendeleo ule haukuonekana: wanawake wengi walikuwa wameomba idara ngumu kuingia kwa yeyote. Ndiyo maana uwezo wa kushuka kutoka jumla kuu hadi sehemu zake ni kazi muhimu ya mchemraba, si pambo.

Je, wajua kwamba zahanati zetu nazo zimo? DHIS2, programu iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, hupanga takwimu za afya kwa mihimili mitatu: nini, wapi, lini. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania pia huitumia.

Ukitaka kuonja mwenyewe, huhitaji seva. Andika kwenye Excel safu nne, yaani tarehe, duka, bidhaa na kiasi, kisha fungua PivotTable, iliyomo humo tangu mwaka 1993. Safu ya salio la ghala usiitie.