Istilahi za Tiba: Kujaa Maji kwa Kitovu cha Retina

Madhumuni ya makala haya ni kueleza istilahi moja ya tiba ya macho ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, yaweza kumpotosha mgonjwa.

Mtoto wa jicho ni ukungu uingiao katika lenzi ya jicho. Daktari huitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia mahali pake. Lenzi ya bandia ya kwanza iliwekwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Leo upasuaji wa macho hufanyika hata katika uwanda wetu wa kati, kama vile katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma. Wengi hurudi kuona vizuri. Hata hivyo wachache, aghalabu baada ya wiki 4 hadi 12, huanza kuona ukungu tena, au huona mistari iliyonyooka kama kwamba imepinda.

Chanzo chake ni hiki. Jeraha la upasuaji huufanya mwili utoe kemikali zinazolegeza kuta za mishipa midogo ya damu. Maji huvuja, yakajikusanya katika sehemu ndogo ya katikati ya retina, ile ituwezeshayo kusoma na kutambua nyuso. Wenye kisukari wamo katika hatari zaidi. Hali hii ilielezwa na Irvine mwaka 1953, na Gass akaonyesha uvujaji huo kwa picha mwaka 1966.

Sehemu hiyo wataalamu huiita makula, neno la Kilatini lenye maana ya doa. Mfasiri aandikaye "uvimbe wa doa" ameifuata asili lakini amempoteza msomaji, kwani doa kwetu ni waa, na uvimbe hudhaniwa kuwa kinundu cha kukatwa. Katika wilaya kama Kongwa, ambako ugonjwa wa vikope umejulikana kwa miaka mingi, aambiwaye kuwa jicho lina uvimbe yaelekea atazipapasa kope zake, na asipoona kitu atakaa nyumbani. Kutohoa nako kuna taabu: makula husikika kama jambo la chakula.

Kwa hiyo twapendekeza "kitovu cha retina" kwa sehemu yenyewe, na "kujaa maji kwa kitovu cha retina" kwa maradhi. Huenda wengine wakadhani kuwa maji hayo ni machozi. Hapana budi basi karatasi ya mgonjwa itaje kuwa yamo nyuma ya jicho, ndani.

Karatasi hiyo yaweza kusema hivi: "Ukianza kuona ukungu baada ya kupasuliwa, usidhani mtoto wa jicho amerudi, lenzi iliyotolewa hairudi. Huenda maji yamejaa nyuma ya jicho. Wengi hupona kwa dawa ya matone katika muda wa miezi michache. Rudi hospitali mapema."

Wasomaji wenye istilahi bora zaidi wanaombwa kuzileta, pamoja na sababu zao.