Kulinganisha Tarehe katika Kumbukumbu za Mbulu na Hanang

Makala haya yakusudia kueleza jambo dogo ambalo, lisipoangaliwa, huharibu kazi kubwa: namna ya kulinganisha tarehe kwa Perl, lugha ya kompyuta iliyotungwa na Larry Wall mwaka 1987, ambayo ingali ikitumiwa kupanga matini.

Wilaya za Mbulu na Hanang ni hazina ya masimulizi. Humo Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, na Kidatooga, ambacho ni cha jamii ya Kinailo, hukutana na Kiswahili. Mtafiti atakaye kujua ni neno lipi lililotangulia kuingia, hapana budi kumbukumbu zake zifuatane kwa wakati wa kweli.

Kwanza, tarehe iliyoandikwa ni maandishi tu. Perl ina alama mbili: cmp hulinganisha herufi kwa herufi, na <=> hulinganisha hesabu. Twaa 09/12/1961, siku ya Uhuru wa Tanganyika, na 03/12/2023, siku ya maporomoko ya tope ya Katesh. Kwa cmp, maafa ya Katesh yatangulia Uhuru, maana 03 ni ndogo kuliko 09. Wala <=> haisaidii, kwani husoma tarakimu za mwanzo na kukoma penye mkwaju. Dawa ni kutanguliza mwaka, 1961-12-09, ndipo cmp itoshe; au kuigeuza tarehe kwa Time::Piece iwe hesabu ya sekunde, ndipo <=> ifae.

Pili, hesabu za localtime haziafikiani na majina yetu. Januari ni 0, hivyo mwezi wa kumi na mbili ni 11. Mwaka hupunguzwa 1900, basi 2023 huwa 123. Jumapili ni 0, ilhali jina lenyewe lasema siku ya pili, kwa kuwa juma la Kiswahili huanza Jumamosi. Jumatano nayo ni 3.

Tatu, saa. Saa moja asubuhi huandikwa 07:00, na saa saba usiku 01:00. Tena, kwa desturi ya pwani siku huanza jua lituapo. Kwa hiyo "usiku wa Jumapili" waweza kuwa usiku wa kuamkia Jumapili, au ule wa kuamkia Jumatatu. Yapasa msimulizi aulizwe papo hapo.

Mengi ya makosa haya programu huyapitisha bila onyo. Hutoa orodha nadhifu iliyo ya uongo. Basi na yahifadhiwe maneno ya msimulizi katika safu moja, na tarehe iliyokokotolewa katika safu nyingine, ili atakayekuja aweze kuyapima.