Minyoo ya tumbo: kipimo cha damu kinaonyesha nini?

"Docta, unipime damu, nijue kama niko na minyoo." Ni maneno ya kawaida kwenye labo za Bukavu na Uvira. Wengi wanaona damu ndiyo kipimo cha kweli, na choo ni kipimo cha haya, cha wasio na pesa. Kwa minyoo ya tumbo, mara nyingi ni kinyume.

Kipimo hicho cha damu hakitafuti mnyoo wenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unatengeneza kisha kukutana na mdudu. Shida ni kwamba askari hao hawarudi nyumbani vita ikiisha. Mtu aliyeugua amiba akatibiwa vizuri anaweza kubaki nao miezi mingi, hata miaka. Akipimwa leo, karatasi inasema "pozitifu", anaandikiwa dawa tena. Mwaka kesho, vilevile. Pesa ya sombe na ya minervali inaenda kwa ugonjwa uliokwisha, na kile kinachomuumiza kweli, labda kidonda cha tumbo, kinaendelea. Na mahali ambapo karibu kila mtu alikutana na wadudu hawa tangu utoto, "pozitifu" haisemi mengi.

Choo chenyewe kinasema wazi zaidi. Askarisi jike mmoja anataga mayai kama 200,000 kwa siku, na yanatoka na choo. Laborantini anaweka choo kidogo kwenye kioo na kuangalia kwa mikroskopi: askarisi, ankilostoma anayenyonya damu na kumwacha mtoto na upungufu wa damu, hata kichocho cha tumbo kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa njia inayoitwa Kato-Katz anahesabu hata mayai, kusudi ijulikane kama minyoo ni michache ao ni mingi.

Choo nacho kina mitego yake. Siku moja mayai yanaweza kukosa kuonekana, kwa hiyo ni vizuri kupima mara tatu, siku tofauti. Choo cha maji kiangaliwe ndani ya nusu saa, juu amiba zinazotembea zinakufa haraka. Kile cha jana usiku kwenye kikopo hakisaidii kuziona. Tena, amiba mbaya iko na pacha wake, Entamoeba dispar, asiyeleta ugonjwa. Kwa mikroskopi wanafanana sana. Si kila anayeambiwa "uko na amiba" ni mgonjwa wa amiba.

Sasa damu inafaa wakati gani? Kwanza, amiba ikipanda hadi kwenye ini. Mtu ana homa, anaumwa chini ya mbavu za kuume, na choo mara nyingi hakionyeshi kitu. Hapo kingamwili pamoja na ekografia vinasaidia sana, ijapokuwa siku za mwanzo damu inaweza kusema "negatifu".

Pili ni strongiloidi, na huyu ndiye wa kuogopwa. Anaingia kwa ngozi ya mguu usio na viatu, watoto wake kwenye choo ni wachache, na anajizalisha ndani ya mtu miaka mingi, hata kama mtu anajiona mzima. Akipewa dawa kama deksametazoni, ambayo inalegeza kinga ya mwili, mnyoo huyo anaweza kuongezeka ghafla na kuua. Hapo kipimo cha damu kabla ya dawa kinaweza kuokoa maisha. Albendazoli haimwezi vizuri. Dawa yake ni ivermektini. Lakini ivermektini isinunuliwe ovyo: kwenye maeneo ya misitu yenye mnyoo wa jicho, Loa loa, inaweza kumuumiza vibaya mtu aliye na mnyoo huyo kwa wingi.

Watoto wa shule wanaopewa albendazoli ya miligramu 400 wakati wa kampeni hawahitaji kipimo chochote mbele ya kumeza.

Kwa wengine, kabla ya kulipa, kuna ulizo la kumuuliza laborantini: "Hii kipimo inatafuta mdudu mwenyewe, ao inatafuta askari?"